ANAYEFUNDISHA KUOKOA, NAYE APIMWE

Ziko kazi katika mji wetu ambazo mwenye kuzifanya hasifiwi na mtu, wala jina lake haliulizwi mpaka siku atakapotolewa amelazwa juu ya machela. Mojawapo ni kazi ya kushuka chini: ndani ya karo la choo, ndani ya kisima, ndani ya tangi la mafuta, ndani ya chemba ya majitaka, au ndani ya pipa kubwa la kiwanda ambalo mlango wake haumpitishi mtu ila kwa kujikunja. Makala yetu ya leo yahusu kazi hiyo. Na hasa yamhusu mtu mmoja asiyefikiriwa na wengi, yaani yule asimamaye mbele ya wafanyakazi akawafundisha namna ya kumwokoa mwenzao aliyezidiwa humo ndani. Twauliza: mtu huyo naye amefundishwa na nani, na amepimwa na nani?

Tuchukue mfano wa Segerea, kata iliyoko kati ya Tabata na Kinyerezi. Watu wa mbali huijua kwa gereza lake na kwa seminari yake kuu. Wakazi wake waijua kwa jambo jingine: nyumba zaota kama uyoga, na kila nyumba ina shimo lake. Mabomba ya majitaka ya mji yalijengwa zaidi kwa ajili ya katikati ya mji na sehemu chache nyingine. Huku pembeni kila mwenye nyumba hujichimbia karo. Likijaa, huita gari la kunyonya, ambalo hupeleka uchafu kwenye mabwawa kama yale ya Vingunguti. Mahali gari lisipofika, kwa sababu ya wembamba wa njia au wembamba wa mfuko, huitwa vijana wa kutapisha choo, wale ambao watu wa mji huwaita vyura. Mwishoni mwa miaka ya 1980 palijaribiwa hapa Dar es Salaam pampu ya mkono iliyoitwa MAPET ili mtu asilazimike kuingia katika uchafu. Baadaye ikaja nyingine iitwayo Gulper. Vyombo hivyo ni vya maana sana. Lakini ndoo na kamba bado hazijastaafu.

Hayo ni ya majumbani tu. Ongeza visima vya maji, na matangi ya maji yanayojengwa chini ya ua. Kisha nenda mpaka Barabara ya Nyerere na viwanda vyake, machinjio ya Vingunguti, mitambo ya umeme ya Kinyerezi, na ng'ambo ya bandari matangi ya mafuta ya Kigamboni. Kote huko hufika siku ambayo mtu hana budi kuingia mahali ambapo hewa haitembei.

MISIBA INAYOFANANA

Misiba ya mashimoni hufanana. Mtu wa kwanza hushuka, akafanya kazi dakika chache, akanyamaza. Mwenzake aliye juu humwita kwa jina mara mbili au tatu, asijibiwe. Moyo wa ndugu hauvumilii. Hushuka mbio bila kamba wala chombo cha kupumulia, akidhani mwenzake ameteleza au ameshikwa na kizunguzungu. Naye huanguka juu yake. Hufika wa tatu, pengine jirani aliyesikia kelele. Jioni huchimbwa makaburi matatu palipotosha moja, au palipokuwa hapana haja ya hata moja.

Hayo si maneno ya kutishia watoto. Mwaka 1986 taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, NIOSH, ilitoa onyo kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika mahali pa namna hii walikuwa ni watu walioingia kuokoa wengine. Tarakimu hiyo yafaa isomwe taratibu. Maana yake ni kwamba katika kazi hii ushujaa usio na elimu umeua watu wengi kuliko ajali yenyewe ya kwanza. Na ikiwa ndivyo, basi mtu afundishaye uokoaji ameshika mkononi roho za watu wengi kuliko msimamizi yeyote wa kiwanda. Akifundisha vema, aliyezidiwa hutolewa na waokoaji hurudi kwao. Akifundisha vibaya, huwapa vijana cheti na ujasiri, kisha huwasukuma shimoni.

HEWA HAINA RANGI

Hewa tuivutayo kila siku ina oksijeni kiasi cha sehemu 21 katika mia. Wataalamu wamekubali kwamba ikishuka chini ya 19.5, mahali hapo si pa kuingia bila chombo cha kujiletea hewa. Ikishuka chini ya 10, mtu huzimia. Ikifika 6, hufa kwa dakika chache. Jambo la hatari ni kwamba mwili haupigi kelele. Hapana maumivu, hapana harufu. Miguu hulegea tu, na akili ambayo ingesema "toka" ndiyo inayotangulia kulala.

Oksijeni yaweza kuliwa na vitu ambavyo mtu havishuku. Chuma kinachoshika kutu ndani ya tangi lililofungwa huila. Mbao mbichi zilizoshikilia zege katika tangi jipya la maji huila zinapooza, hata fundi arudiye baada ya wiki kadhaa kuzibandua akakuta kaburi mahali alipoacha kazi safi. Pampu ya petroli ikiteremshwa kisimani ili kunyonya maji, moshi wake hujaza kisima kwa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu.

Katika makaro na mashimo ya machinjio kuna adui mwingine: gesi yenye harufu ya yai viza, iitwayo haidrojeni salfaidi. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hulala chini ikingoja. Hila yake ni hii: ikiwa kidogo, hunuka sana, ikifika kiasi cha sehemu 100 katika milioni au zaidi, huua neva za pua, na mtu hudhani kwamba harufu imekwisha. Asiyejua hufurahi na kushuka. Pamoja nayo iko methani, ambayo ikichanganyika na hewa kati ya sehemu 5 na 15 katika mia yaweza kulipuka kwa cheche ya kiberiti au ya taa mbovu.

Tumeyaeleza haya kwa kirefu ili msomaji aone ya kwamba somo hili si la kukariri. Mkufunzi ambaye hakuyaelewa atawaambia wanafunzi wake wafunge kitambaa puani, au wavae barakoa ya kuchuja vumbi. Kitambaa hakizai oksijeni. Barakoa ya kuchuja nayo haiwezi kuchuja kitu kisichokuwapo.

SHERIA NA NENO "MAFUNZO"

Nchi yetu haikukosa sheria. Tangu mwaka 1950 palikuwa na Sheria ya Viwanda, iliyofuata kwa sehemu kubwa mtindo wa sheria za Uingereza. Mwaka 2001 ulianzishwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, uitwao OSHA kwa kifupi. Na mwaka 2003 ikapitishwa Sheria Na. 5 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inayomtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda watu wake na kuwapa mafunzo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao ulizaliwa kwa sheria ya mwaka 2008. Lakini fidia huja baada ya msiba. Nasi twazungumza habari za kabla ya msiba.

Neno "mafunzo" likiachwa peke yake ni pana mno. Mtu aweza kukusanya wafanyakazi hamsini ukumbini, akawaonyesha picha ukutani mpaka saa sita, wakala chakula, wakapigwa picha, wakagawiwa vyeti. Hayo nayo huitwa mafunzo. Mwingine aweza kuwachukua watu wanane kwa siku kadhaa, akamvalisha kila mmoja mkanda wa mwili mzima, akamshusha, akampandisha, akamfungia chombo cha kupumulia gizani mpaka akizoee. Hayo pia ni mafunzo. Mbele ya karatasi yote mawili ni sawa. Mbele ya shimo hayafanani hata kidogo.

Tusidhani kwamba ni sisi peke yetu tulio na tatizo hili. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1993 juu ya mahali pa namna hii yataka waokoaji wafanye mazoezi walau mara moja katika kila miezi 12, kwa kutoa sanamu au mtu halisi katika shimo halisi, au lililo mfano wake kwa ukubwa wa mlango na kwa umbo. Yataka kila mwokoaji ajue huduma ya kwanza na kufufua pumzi, na walau mmoja wao awe na cheti kisichopitwa na wakati. Kanuni ya Uingereza ya mwaka 1997 yakataza mtu kuingia kabla ya mipango ya kumwokoa haijawa tayari. Hata hivyo, hata huko Marekani, kanuni hiyo iliyoeleza kwa urefu mambo ayapasayo kuyajua mwanafunzi haikueleza sana sifa za mwalimu. Ikabidi vyama vya wataalamu viandike viwango vyao wenyewe, kama kile cha mwaka 2001 kisemacho kwamba mkufunzi wa usalama lazima awe na mambo mawili pamoja: ujuzi wa somo lenyewe na ujuzi wa kuwafundisha watu wazima.

Hapa kwetu tunao mfano mzuri zaidi ulio karibu. Mtu hawi mwalimu wa uchomeleaji au useremala katika vyuo vya ufundi kwa kuwa tu ajua kuchomelea. Kiko Morogoro Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi kwa ajili ya kumfanya fundi awe mwalimu. Ikiwa twamtaka mwalimu wa kuunga chuma afundishwe ualimu, vipi tusimtake hivyo yule afundishaye kuunganisha mtu na uhai?

SIFA ZA MKUFUNZI

Basi mkufunzi wa uokoaji wa mashimoni awe mtu wa namna gani? Sisi twaona ya kwamba ziko sifa sita, na upungufu wa moja hauwezi kufidiwa na wingi wa nyingine.

Ya kwanza, awe ameifanya kazi yenyewe. Wahenga walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Awe amewahi kushuka, kusimama mlangoni kama mlinzi, na kumvuta mtu kwa winchi, katika kazi au katika mazoezi mazito; wala si kwa kusoma tu.

Ya pili, ajue hewa na vipimo vyake. Swali moja latosha kumpima: kwa nini hupimwa oksijeni kwanza, kisha gesi za kulipuka, kisha gesi za sumu? Mwenye kujua atajibu kwamba vipimo vingi vya gesi za kulipuka havisemi kweli pasipo oksijeni ya kutosha. Ataongeza kwamba hewa ipimwe juu, katikati na chini, kwa maana gesi hazikai mahali pamoja. Na kwamba kipimo chenyewe hukaguliwa kabla ya kazi, kwa sababu kipimo kibovu ni shahidi wa uongo.

Ya tatu, afundishe kutoingia kabla ya kufundisha kuingia. Hii ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Mpangilio ulio sawa ni huu: kwanza, kazi ifanywe kutoka nje ikiwezekana; pili, aliye ndani atoke mwenyewe mara tu kipimo kinapolia; tatu, akishindwa, avutwe kutoka juu kwa kamba iliyokwisha kufungwa mwilini mwake tangu aliposhuka; na mwisho kabisa, ndipo aingie mwokoaji mwenye mtungi wa hewa na mwenziwe wa akiba. Katika kanuni ile ya Marekani, shimo la wima lenye kina cha zaidi ya mita 1.5 hudai chombo cha kuvutia kilichosimamishwa mlangoni kabla ya mtu kushuka. Mkufunzi anayeanza somo lake kwa hadithi za ushujaa wake gizani, huyo haijui kazi.

Ya nne, ajue kuokoa roho baada ya kuutoa mwili. Ubongo usiopata oksijeni huanza kuharibika kwa dakika nne hivi. Aliyetolewa akiwa hapumui, na wenzake wakabaki kumpepea na kumwagia maji, hakuokolewa, amehamishwa tu.

Ya tano, ajue kufundisha watu wazima, tena kwa Kiswahili kilicho wazi. Kibarua wa Segerea hana haja ya maneno makubwa ya kitabu cha kigeni. Ana haja ya kuambiwa kwa lugha yake, aonyeshwe kwa mkono, aachwe ajaribu, akosolewe, kisha ajaribu tena. Mkufunzi mwenye elimu ya London lakini asiyeweza kueleweka na mtu ashikaye kamba hakumfundisha mtu.

Ya sita, awe na ujasiri wa kumnyima mtu cheti. Mkufunzi ambaye hajawahi kumwangusha mwanafunzi hata mmoja auza karatasi. Naye mwenyewe akubali kupimwa upya kila baada ya muda, kwa kuwa vyombo hubadilika, na mkono usiofanya mazoezi husahau.

SIKU ARUBAINI NA MOJA, DAKIKA NNE

Pengine msomaji atasema: "Tunalo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, tutapiga 114 nao watakuja." Jeshi hilo lina sheria yake ya mwaka 2007, na watu wake wastahili heshima ya taifa. Namba hiyo na ipigwe mara moja, kabla ya jambo lolote. Lakini na tuhesabu dakika.

Mwaka 2015 huko Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi. Nchi nzima ilistaajabu. Watu hao waliishi kwa sababu walipokuwapo palikuwa na hewa. Miaka kadhaa kabla yake, mwaka 2002, huko Mererani, wachimbaji zaidi ya thelathini walikufa kwa kukosa hewa ya kuvuta. Tofauti ya mikasa hiyo miwili yaonyesha kitu kimoja: shimoni mtu aweza kustahimili njaa, giza na hofu kwa wiki nyingi, kukosa hewa hawezi kustahimili hata kwa muda wa kuchemsha chai. Gari la zimamoto, hata dereva wake awe hodari namna gani, halifiki Segerea kwa dakika nne katika msongamano wa jioni. Kwa hiyo mwokoaji wa kweli ni yule aliye mdomoni mwa shimo tangu kazi ilipoanza. Na ubora wa mwokoaji huyo ni ubora wa mwalimu wake.

WENYE KULIPA NA WENYE KUSHUKA

Sasa twasema na kila mmoja kwa sehemu yake.

Kwa waajiri: kabla hamjamlipa mkufunzi, mwulizeni mambo manne. Amefuzu wapi, na lini alipimwa mara ya mwisho? Atafundishia katika shimo la namna gani? Ni wanafunzi wangapi kwa mkufunzi mmoja? Na ni saa ngapi kila mwanafunzi atakuwa amevaa vyombo? Anayejibu kwa kutaja bei tu, mwacheni aende. Mafunzo ya bei rahisi yaliyozaa msiba ni ghali kuliko yote.

Kwa vyama vya wafanyakazi, kama TUICO katika viwanda na TAMICO katika migodi na ujenzi: mnapokaa mezani kuzungumza mikataba ya hali bora, mshahara usiwe neno la kwanza na la mwisho. Andikeni ndani ya mkataba kwamba hapana mfanyakazi atakayeshuka pasipo kibali cha maandishi, hewa iliyopimwa, mlinzi mlangoni na kikosi kilichofundishwa na mkufunzi aliyepimwa. Mfanyakazi akikataa kushuka kwa sababu mambo hayo hayapo, chama kisimame nyuma yake siku hiyo hiyo.

Kwa wakuu wa OSHA na wa vyuo vya ufundi: twaomba sifa za mkufunzi wa kazi hii ziandikwe kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa mahali pa wazi, pamoja na orodha ya waliofuzu, ili hata mtu mwenye kiwanda cha wafanyakazi kumi aweze kuchagua akiwa macho wazi.

Na kwa serikali za mitaa, hapa lipo jambo zito kuliko yote. Vijana wanaotapisha vyoo na kuchimba visima hawana mwajiri wa kudumu. Leo ni wa mzee huyu, kesho ni wa mama yule. Hakuna idara ya kiwanda itakayowapeleka darasani. Wapo, wajulikana, na kila mwenyekiti wa mtaa aweza kuwataja. Si jambo gumu kuwakusanya Jumamosi moja penye kiwanja, akaletwa mkufunzi aliyefuzu, mtaa ukanunua kwa shirika kipimo kimoja cha gesi, mhimili mmoja wa miguu mitatu, winchi, na mikanda miwili ya mwili mzima, vikatunzwa ofisini na kuazimwa kila kazi inapotokea. Wenye nyumba wakichangishana, fedha ya kila mmoja haitafika gharama ya kufunika karo lake.

Kazi ya kushuka chini ni kazi halali, na pasipo hiyo mji wetu ungenuka na kuugua. Wanaoifanya watutumikia sote. Twawadai jasho lao. Hatuna haki ya kuwadai pumzi zao. Mtu asikubaliwe kuwafundisha namna ya kurudi hai mpaka aonyeshe, mbele ya wajuao, kwamba yeye mwenyewe aijua njia ya kurudi.